Nani alilipia chai ya mzee wa baraza?

Mjomba wangu aliwahi kuitwa kuwa mzee wa baraza, yaani raia anayeketi na jaji na kumpa maoni yake, katika kesi ya mauaji, miaka ile ambayo jaji wa Mahakama Kuu hakuweza kusikiliza kesi ya namna hiyo bila wazee kuketi naye. Kikao kilifanyika katika mji mmoja wa wilaya hapa mkoani Mbeya. Alikuwa akidamka alfajiri, ukungu haujainuka migombani, anapanda Hiace iliyojaa watu na matenga ya maparachichi, anafika mahakamani suruali imelowa hadi magotini. Asubuhi nzima anaketi kando ya jaji, anamsikiliza shahidi anayeeleza jinsi panga lilivyoinuliwa. Jaji akiahirisha kwa ajili ya chakula, hapakuwa na chumba cha wazee wala sahani yao. Wakatoka getini kama watu wengine, wakaenda kwa mama ntilie aliyekuwa ng'ambo ya barabara.

Pale kwa mama ntilie palikuwa na benchi mbili ndefu. Ndugu wa marehemu walikaa hapo, na ndugu wa mshtakiwa wakakaa hapohapo, pamoja na mashahidi waliokuwa hawajaitwa na askari aliyekuja kutoa ushahidi. Siku ya tatu mjomba alipotoa hela alipe, mama akamwambia chai yake na chapati vimeshalipiwa. Na nani? Akaonyeshwa kwa macho kijana mmoja aliyekaa mwisho wa benchi, ambaye aliinua mkono kwa adabu kabisa na kumwamkia. Alikuwa mdogo wake mshtakiwa.

Mjomba hakujua afanye nini. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba likitokea jambo la namna hiyo amwambie karani, au jaji, au anyamaze. Akanyamaza. Kesho yake akaketi mahali pake kama kawaida, na siku ya mwisho akatoa maoni yake. "Ile chai, mwanangu," aliniambia miaka mingi baadaye, "mpaka leo sijaimaliza kuinywa."

Nimeikumbuka chai hiyo kila ninaposoma jinsi wenzetu wa Marekani na Uingereza wanavyobishana kuhusu kuwafungia wanajuri. Kwao, katika kesi kubwa za jinai, watu wa kawaida, mara nyingi 12, ndio wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Jaji anaeleza sheria, wao wanaamua ukweli uko wapi. Kwa hiyo wamehangaika karne na karne na swali moja: huyu mwananchi tuliyemkabidhi maisha ya mwenzake, jioni anakwenda wapi, anakula na nani, anasoma nini, simu yake inamwambia nini? Jibu lao la kale ni kumweka ndani kama mwali. Anapewa chumba cha hoteli, mlangoni kuna mlinzi, gazeti linamfikia likiwa limekatwa habari za kesi, simu anapiga kwa ruhusa.

Sisi hatukuwa na juri. Tulikuwa na wazee wa baraza, ambao walitoa maoni, na jaji hakulazimika kuyafuata. Lakini swali la jioni anakwenda wapi lilikuwa letu pia, na hatukuliuliza kamwe. Tulipochoka na matatizo ya wazee, tukawaondoa. Mimi naamini tulikosea. Mzee wa baraza hakustahili kufungiwa hotelini miezi tisa, na hakustahili kuondolewa. Alistahili kutunzwa kwa siku chache zilizo muhimu, na sheria ingeweza kusema hivyo kwa kurasa mbili tu.

Inafaa tuanze kwa kuona kufungia kulitoka wapi, maana hakukuanza kama ulinzi. Uingereza ya zamani iliwafungia wanajuri ili njaa na baridi viwalazimishe kukubaliana. Mfano unaojulikana zaidi ni wa London, mwaka 1670. William Penn na William Mead walishtakiwa kwa mkusanyiko haramu baada ya Penn kuhubiri barabarani. Wanajuri walipokataa kutoa uamuzi ambao mahakama iliutaka, wakafungiwa usiku mbili bila chakula, bila maji, bila moto. Waliporudi na jibu lilelile, wakatozwa faini, na waliokataa kulipa wakapelekwa gerezani. Mmoja wao, Edward Bushel, alipigania kuachiwa, na Jaji Mkuu John Vaughan akaamua kwamba mwanajuri hawezi kuadhibiwa kwa sababu ya uamuzi wake. Uhuru wa juri ulizaliwa ndani ya chumba chenye njaa. Ilibidi kusubiri sheria ya mwaka 1870 ndipo wanajuri wa Uingereza waruhusiwe kuota moto na kula kwa gharama zao wakati wanajadili.

Marekani iligeuza maana ya jambo hilo. Huko mlango ulifungwa ili kelele za nje zisiingie. Daktari Sam Sheppard wa Ohio alihukumiwa mwaka 1954 kwa kumuua mkewe, huku magazeti yakiwa yameshamtia hatiani kabla ya shahidi wa kwanza kusimama. Majina na anwani za wanajuri zilichapishwa, wakaanza kupokea barua na simu. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta hukumu ile, ikisema jaji alipaswa kuilinda kesi dhidi ya mafuriko ya habari. Tangu hapo majaji wa Marekani wanajua kwamba kuwatenga wanajuri ni zana mojawapo waliyonayo, na wasipochukua hatua yoyote hukumu inaweza kuanguka.

Lakini tazama jinsi zana hiyo ilivyofanya kazi. Katika kesi ya Charles Manson, kiongozi wa kundi lililoshtakiwa kwa mauaji kule Los Angeles, wanajuri walikaa ndani zaidi ya miezi saba, mwaka 1970 hadi 1971. Mapema Agosti 1970 Rais Richard Nixon akawaambia waandishi wa habari kwamba Manson ana hatia. Walinzi wakahakikisha gazeti la siku hiyo haliwafikii wanajuri hotelini. Kumbe gazeti liliwafikia ndani ya mahakama. Manson mwenyewe alilipata, akaliinua juu wanajuri walione, na kichwa cha habari kilikuwa kikubwa kiasi cha kusomeka kutoka mbali. Jaji akalazimika kuwahoji wanajuri mmoja mmoja kama limewaathiri. Milango yote ya hoteli ilikuwa imefungwa, neno likapita katikati ya chumba cha kesi.

Kesi ya O. J. Simpson, mchezaji mashuhuri wa Marekani aliyeshtakiwa kwa mauaji, ndiyo iliyonifundisha zaidi. Wanajuri waliwekwa hotelini tarehe 11 Januari 1995 wakatoka tarehe 3 Oktoba. Ni siku 265. Walikuwa wakilipwa dola 5 kwa siku. Vyumba havikuwa na televisheni wala simu, na kuonana na mume au mke kulipangiwa saa. Walianza 24, yaani 12 wa kuamua na 12 wa akiba, na njiani wakaondolewa 10. Mwezi wa Aprili jaji alipowabadilishia walinzi, wengi wao waligoma kwa namna yao: wakaja mahakamani wamevaa nguo nyeusi. Mwishowe, baada ya ushahidi wa miezi, walijadili kwa muda usiofika saa nne wakatoa uamuzi wa kumwachia.

Sisemi uamuzi ule ulikuwa sahihi au mbaya. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekaa ndani siku 265, amekosa mazishi ya ndugu na siku ya kuzaliwa ya mtoto, ana sababu moja kubwa ya kutaka kumaliza haraka, na sababu hiyo haina uhusiano wowote na ushahidi. Njaa ya mwaka 1670 ilirudi ikiwa imevaa nguo nyingine. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalitaji: juri ya muda mrefu namna hiyo hujichuja yenyewe. Mama mwenye mtoto wa kunyonyesha ataomba asiwemo. Fundi mwenye kibanda chake ataomba asiwemo. Mkulima wakati wa kupalilia ataomba asiwemo. Wanaobaki si picha ya jamii tena.

Na wakishafungiwa, wanafanya nini usiku? Mwaka 1994 kule Hove, kusini mwa Uingereza, wanajuri wa kesi ya mauaji ya mume na mke walilazwa hotelini wakiwa katikati ya kujadili uamuzi. Usiku wanne kati yao wakachukua glasi na karatasi zenye herufi, wakamwita marehemu awaambie ni nani aliyemuua. Glasi ikataja mshtakiwa. Habari ilipotoka, Mahakama ya Rufani ikasema haiwezi kuchungulia yaliyosemwa ndani ya chumba cha majadiliano, ila hoteli si chumba cha majadiliano, kwa hiyo yaliyotokea hotelini yanaweza kuchunguzwa. Ikaamuru kesi isikilizwe upya, na juri ya pili nayo ikamtia mshtakiwa hatiani.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini hadithi hiyo haimshangazi mtu. Wapo watu wengi, wasomi wakiwemo, ambao kifo kikitokea hawaulizi kwanza polisi wamesema nini, wanauliza mganga amesema nini. Miaka ile ya hofu ya uchunaji ngozi Mbeya na Mbozi, na mwanzoni mwa mwaka 2019 watoto walipouawa Njombe, kila kijiwe kilikuwa na jina la mhusika kabla ya polisi kuwa nalo. Ramli ya Hove ilipigwa hotelini chini ya ulinzi. Ramli ya kwetu ingemfikia mzee wa baraza ndani ya daladala, kwa mdomo wa jirani anayemtakia mema. Wala mlinzi wa mlangoni asingeiona, kwa sababu mara nyingi inaingia kabla kesi haijaanza.

Hapa ndipo ninapofika kwenye kiini cha jambo. Mzee wa baraza ana thamani kwa sababu ni mtu wa hapa. Anajua maneno, anajua matusi, anajua heshima ya mtu inaguswa wapi. Kanuni ya Adhabu yetu, inapoeleza kukasirishwa ghafla kunakoweza kugeuza kosa la kuua kwa kukusudia kuwa la kuua bila kukusudia, inampima mshtakiwa kwa mtu wa kawaida, na inasema wazi kwamba mtu huyo wa kawaida ni wa jamii anayotoka mshtakiwa. Sasa jaji aliyezaliwa Bukoba na kusomea Dar es Salaam, akihamishiwa Mbeya au Iringa, atajuaje mtu wa kawaida wa kijijini Rungwe au Kilolo anapandishwa hasira na nini? Atasoma majalada, atamsikiliza wakili, naye wakili labda ametoka Moshi. Mtu aliyekunywa ulanzi na Wahehe, aliyekaa kwenye matanga ya Wanyakyusa, anajua kwamba neno fulani likisemwa mbele ya wakwe halisameheki, na kwamba lingine ni utani wa kawaida ambao hakuna anayeshika panga kwa ajili yake. Kwa kesi za namna hiyo, sikio la mwenyeji ni ushahidi ambao hakuna shahidi atakayepanda kizimbani kuutoa.

Na sikio hilohilo ndilo linalosikia uvumi. Huwezi kuchukua moja ukaacha jingine kwa urahisi. Ukimfungia kabisa mwenyeji, miezi ikapita, umemgeuza mgeni mwenye kinyongo. Ukimwacha aende kwa mama ntilie kila mchana, umemwacha anunuliwe chai. Nchi zenye juri zimebishana juu ya jambo hili karne kwa karne kwa sababu ni gumu kweli, na sisi tulipaswa kubishana hivyohivyo.

Badala yake tulibishana juu ya taratibu za mezani. Kwa miaka mingi Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ililazimisha wazee wa baraza katika kesi za mauaji Mahakama Kuu, na kila mzee alitoa maoni yake kwa mdomo, yakaandikwa, kisha jaji akaamua bila kufungwa nayo. Mahakama ya Rufani ikawa kali, na ilikuwa na haki ya kuwa kali: ikasema wazee wasiwahoji mashahidi maswali ya dodoso kana kwamba ni mawakili, kazi yao ni kuuliza ili waelewe, ikasema jaji awaeleze wajibu wao tangu mwanzo, na katika majumuisho, yaani maelezo yake ya mwisho kwa wazee kabla hawajatoa maoni, awafafanulie mambo ya msingi ya sheria yanayohusu kesi hiyo, ikasema wasibadilishwe katikati. Pale taratibu hizo zilipovunjwa, mwenendo wa kesi ulibatilishwa, na mara nyingi kesi ikaamriwa ianze upya. Mtu aliyekaa miaka mahabusu, akahukumiwa, akakaa miaka tena akisubiri rufaa, anaambiwa kesi yake ianze mwanzo kwa sababu mzee mmoja aliuliza maswali kama wakili. Mashahidi wengine wameshafariki, wengine wamehamia Chunya machimboni. Ndugu wa marehemu wanapanda basi tena kuja kueleza tena jinsi walivyoiona maiti.

Ninaelewa kabisa kwa nini watunga sheria walichoka. Marekebisho ya mwaka 2022 yakabadilisha utaratibu: sasa jaji husikiliza peke yake, isipokuwa akiona kwamba masilahi ya haki yanataka awe na wazee. Kenya ilikuwa imeshafuta wazee wa namna hiyo tangu mwaka 2007. Ila angalia tulichofanya. Makosa yaliyofanya kesi zibatilishwe yalikuwa ya jaji kutowaelekeza wazee vizuri, na ya wazee kutoelekezwa. Dawa ilikuwa maelekezo. Tukampa mgonjwa dawa ya kumwondoa nyumbani.

Na katika mjadala wote ule, sikumsikia mtu akiuliza kuhusu chai. Kesi zilibatilishwa kwa maswali yaliyoulizwa ndani ya chumba, mbele ya kila mtu, yakaandikwa. Yaliyotokea nje, kwenye benchi ya mama ntilie na kwenye siti ya nyuma ya Hiace, hayako kwenye mwenendo wa kesi. Mahakama ya Rufani haiwezi kurekebisha isichokiona.

Ningetaka nini basi? Kwanza, kesi za mauaji zirudishiwe wazee, hasa zile ambazo utetezi unahusu kukasirishwa, imani za uchawi, ugomvi wa ardhi ya ukoo, au maneno yaliyosemwa kwa lugha ya kwao. Kifungu cha sasa kinamruhusu jaji kufanya hivyo bila kubadilisha neno. Kinachohitajika ni majaji wa Mbeya, Iringa, Songea na Sumbawanga kukitumia. Kisha wazee hao watunzwe kwa vipimo viwili tofauti.

Siku za ushahidi waende nyumbani. Mzee alale kwake, ale ugali wake, amuone mkewe. Uingereza yenyewe imefika hapo: sheria ya mwaka 1994 ilimpa jaji uwezo wa kuwaacha wanajuri waende nyumbani hata baada ya kuanza kujadili. New York, ambako sheria ililazimisha kuwafungia wanajuri usiku wanapojadili makosa makubwa, ililegeza taratibu kisha ikaondoa ulazima huo mwaka 2001, na mahakama zake hazijaanguka. Lakini ndani ya saa za kazi mzee awe mikononi mwa mahakama. Chumba kidogo chenye meza na birika. Chakula cha mchana kiletwe humo. Usafiri uwe wa mahakama au ulipiwe ili asipande gari moja na mashahidi. Na asubuhi ya siku ya kwanza jaji amwambie kwa Kiswahili chepesi: mtu yeyote akikusemesha habari za kesi hii, akikulipia kitu, akikutumia ujumbe, mwambie karani siku hiyohiyo, hutakuwa umekosa, aliyekosa ni yeye. Maneno hayo matatu au manne yangemwondolea mjomba wangu mzigo wa miaka.

Simu zinastahili onyo lake peke yake. Mwaka 2011 mwanamke mmoja aliyekuwa mwanajuri Manchester alifungwa miezi 8 kwa kuwasiliana na mshtakiwa kupitia Facebook. Mwaka uliofuata mwingine, katika kesi ya mji wa Luton, alifungwa miezi 6 kwa kutafuta habari za mshtakiwa mtandaoni na kuwaeleza wenzake. Mwaka 2015 Uingereza ikatunga kosa maalumu kwa mwanajuri anayefanya upelelezi wake mwenyewe. Sisi tuna makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya kanisa, ya waliosoma pamoja, na mauaji yakitokea Mwanjelwa saa mbili usiku, saa tatu picha ziko kwenye simu ya bibi huko Kyela. Huwezi kumfungia mtu asione hayo. Atakuwa ameshayaona kabla ya kuitwa. Unachoweza ni kumuuliza hadharani ameona nini, na kumweleza kwa nini picha ya WhatsApp haiwezi kuhojiwa na wakili.

Kipimo cha pili ni kwa ajili ya mwisho wa kesi. Kuanzia jaji anapoanza majumuisho hadi mzee wa mwisho atoe maoni, wazee wasitoke. Mara nyingi ni siku moja. Majumuisho yakirefuka, usiku mmoja. Hapo walazwe nyumba ya wageni nzuri, simu zikae kwa karani, walinzi wawe watu wa mahakama na si wapelelezi wa kesi. Nimechagua muda huo kwa sababu ndio muda ambao mtu anayetaka kumshawishi mzee anajua kwamba sasa au basi. Jaji Peter Cahill alifanya kitu kinachofanana na hiki Minneapolis mwaka 2021 katika kesi ya Derek Chauvin, polisi aliyeshtakiwa kwa kumuua George Floyd. Katikati ya kesi polisi wakamuua mtu mwingine mji wa jirani, mitaa ikawaka, wakili wa utetezi akaomba wanajuri wafungiwe papo hapo. Jaji akakataa, akawaacha waende nyumbani wakiwa na onyo, akawaweka hotelini walipoanza kujadili. Tarehe 20 Aprili walitoa uamuzi, wakijadili takriban saa 10 ndani ya siku mbili.

Zipo kesi ambazo hata kipimo hicho hakitoshi. Siku ya Krismasi mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, alipigwa risasi shambani Isimani na mkulima Said Mwamwindi, ambaye aliipakia maiti ndani ya gari akaipeleka mwenyewe polisi Iringa mjini. Kesi ilisikilizwa Iringa, akahukumiwa kunyongwa. Jina la Kleruu liko mpaka leo kwenye chuo cha ualimu pale mjini, na wapo Isimani wanaosimulia habari ile kwa sauti ya chini. Mwaka 1972 ungemfungia mzee gani wa Iringa ili awe kama hajasikia? Ujamaa ulikuwa umewagusa wote, kila shamba lilikuwa na msimamo. Katika kesi kama hiyo kinachosaidia ni kutafuta watu mbali. Florida ilifanya hivyo mwaka 2011 katika kesi ya Casey Anthony, mama aliyeshtakiwa kwa kumuua mtoto wake, ambako wanajuri walichaguliwa kaunti ya Pinellas wakapelekwa Orlando na kukaa hotelini wiki zaidi ya sita. Sisi tungeweza kuwachukua wazee wa Makete kwa kesi ya Njombe mjini, au wa Mafinga kwa kesi ya Iringa: karibu kiasi cha kuelewa desturi, mbali kiasi cha kutomjua marehemu.

Nitaulizwa kuhusu fedha. Ni swali la haki, mahakama zetu hazina za kumwaga. Lakini anayeuliza ahesabu pia gharama ya kesi moja iliyobatilishwa: jaji anarudi, mawakili wa pande zote mbili wanalipwa upya, mashahidi wanasafirishwa upya, mahabusu analishwa miaka mingine. Kuhusu gharama ya chumba chenye birika, sina haja ya kubishana.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwamkia mjomba, sasa anatembelea fimbo. Nikamweleza wazo langu la usiku mmoja kwenye nyumba ya wageni, chakula juu ya mahakama, simu kwa karani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema angekubali, tena angelala vizuri kuliko alivyolala usiku ule baada ya ile chai. Kisha akauliza, "Na ng'ombe nani atakamua?" Nilikuwa sijafikiria hilo. Tuliketi tukalipigia hesabu pamoja: kijana wa kukamua asubuhi na jioni, wa kukata majani na kupeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, kwa siku mbili. Ni fedha ndogo, na kanuni ikiandikwa inapaswa kuitaja kwa jina.